Sauti Nzito Kikaoni

Kikao kilifanyika baada ya swala ya Isha, na ajenda ilikuwa moja tu: kununua kiwanja kwa ajili ya kujenga madrasa. Mwenyekiti wa kamati, mfanyabiashara aliyekwishatoa sehemu kubwa ya mali yake katika mambo ya kheri, alisimama akasema kwamba kiwanja amekiona kwa macho yake, mwenye nacho anamfahamu tangu utotoni, na tukichelewa wiki moja kitachukuliwa na mwingine. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu asiyezoea kubishiwa. Kijana aliyekuwa akiandika muhtasari, ambaye mchana hufanya kazi ya ukarani katika ofisi ya mambo ya ardhi, aliinua kalamu nusu, akasema kwa upole kwamba labda ingefaa kwanza kuliangalia jina lililomo kwenye hati. Mzee akamjibu kwa tabasamu, "Hayo tumekwishayaangalia, mwanangu." Kijana akarudi kwenye daftari lake. Ikapigwa takbiri, na fedha zikatolewa.

Miezi mitatu baadaye walitokea dada wawili wa muuzaji. Kiwanja kilikuwa cha marehemu baba yao, mirathi ilikuwa haijagawanywa, na wao hawakuwa wameulizwa neno. Fedha zilizolipwa zilikuwa zimechangwa msikitini, nyingine zikiwa ni shilingi mia tano mia tano za akina mama wanaouza maandazi. Kijana alipoulizwa ikiwa alijua, alikiri kwamba alishuku tangu mwanzo, kwani jina alilowahi kuliona kwenye hati lilikuwa la mtu aliyekwishafariki. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alilishangaa swali lenyewe. "Ningemrudi vipi mzee mbele za watu?"

Nasi tulikuwamo katika kikao kile. Hatukuwa na ujuzi wa hati kama kijana yule, lakini tulimwona akiinua kalamu na tukamwona akiishusha. Hatukumwambia mwenyekiti, "Hebu tumsikilize." Mwenyekiti hakuwa mwongo wala mla rushwa. Alikuwa na yakini, na yakini yake ilitutosha sote. Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza ni mara ngapi, katika maofisi tunayofanyia kazi, katika bodi za shule zetu na hata majumbani mwetu, uamuzi unapita kwa sababu aliyeutoa hakutetereka, na wala si kwa sababu ulikuwa sahihi.

Kujiamini si aibu. Kiongozi anayesitasita kila asubuhi huwachosha walio chini yake, na kazi hulala. Tatizo ni kwamba kujiamini kunasikika kwa sikio, ilhali ujuzi hausikiki mpaka uulizwe. Mwaka 1999 wataalamu wawili wa elimu ya nafsi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, David Dunning na Justin Kruger, waliwapa wanafunzi mitihani ya mantiki na ya sarufi, kisha wakawataka wajikadirie wenyewe. Wale walioshika mkia, ambao kwa hakika waliwazidi watu wapatao 12 tu katika kila 100, walijidhania kuwa wamewazidi zaidi ya 60. Waliofanya vizuri kabisa, kinyume chake, walijipunguzia kidogo. Maelezo ya wataalamu hao yalikuwa mepesi kueleweka: ujuzi unaohitajika ili mtu ajibu swali vizuri ndio huo huo unaohitajika ili atambue kwamba amejibu vibaya. Aliyeukosa amekosa vyote viwili, na hivyo hulala usingizi mzuri. Wazee wetu walilisema hilo kwa debe tupu, ingawa ni haki kuongeza kwamba si kila debe linalotika ni tupu, na si kila aliyenyamaza amejaa.

Qur'ani Tukufu inatupa mifano miwili tunayopenda kuiweka pamoja. Nabii Yusuf (AS), alipotoka gerezani na kusimama mbele ya mfalme wa Misri, aliomba mwenyewe akabidhiwe hazina za nchi. Huko ni kujiamini kwa kiwango cha juu kabisa, lakini tazama hoja aliyoitoa. Hakutaja ukoo wake wala uzuri wake wala ndoto alizozifasiri. Alitaja mambo mawili tu, kwamba yeye ni mwenye kuhifadhi na ni mwenye kujua. Uaminifu na elimu ya kazi. Nabii Musa (AS) naye, alipotumwa kwa Firauni, alikiri kwamba ulimi wake una kifundo, na akaomba asaidiwe na nduguye Harun, aliyekuwa fasaha kumzidi. Mmoja alijua alicho nacho, mwingine alijua alichokikosa, na wote wawili walikuwa viongozi.

Katika Hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, Mtume (SAW) alimweleza Abu Dharr (RA), mmoja wa wakweli na wachamungu wakubwa wa umma huu, kwamba anamwona ni dhaifu kwa jambo la uongozi, akamwusia asiwe amiri hata juu ya watu wawili wala asisimamie mali ya yatima. Hakuna aliyeshuku imani ya Abu Dharr. Lakini imani ni jambo moja na tabia inayofaa kubeba amana fulani ni jambo jingine. Sisi mara nyingi huvichanganya viwili hivi: tunamkabidhi mtu hesabu za taasisi kwa sababu anasoma vizuri, au tunampa ukuu wa idara kwa sababu anaongea vizuri.

Turudi kwenye kalamu iliyoshushwa. Jambo kama lile liliwahi kutokea mahali ambapo bei yake haikuwa kiwanja.

Tarehe 27 Machi 1977, bomu lililipuka katika uwanja wa ndege wa kisiwa cha Gran Canaria, Hispania, na ndege nyingi zikaelekezwa kwenye uwanja mdogo wa Los Rodeos, katika kisiwa cha jirani cha Tenerife. Miongoni mwao zilikuwamo Boeing 747 mbili, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani. Zilisubiri kwa saa kadhaa. Ziliporuhusiwa kujiandaa kuondoka, ukungu mzito ulikuwa umeshuka, kiasi kwamba marubani hawakuonana na mnara haukuwaona. Ndege ya KLM ilikuwa imefika mwisho wa njia ya kurukia na kugeuka; ile ya Pan Am ilikuwa bado inatembea juu ya njia hiyo hiyo, ikitafuta mahali pa kutokea.

Rubani mkuu wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, hakuwa mtu wa kawaida. Alikuwa mkuu wa mafunzo ya marubani wa 747 katika shirika lake, na picha yake ilitumika katika matangazo ya shirika hilo. Rubani msaidizi aliyeketi kando yake alikuwa amepimwa na yeye mwenyewe na kupasishwa kurusha aina hiyo ya ndege. Isitoshe, mkuu huyu alikuwa na haraka, kwani sheria za saa za kazi za Uholanzi zilikuwa kali, na kuchelewa zaidi kungelaza safari nzima kisiwani.

Alipoanza kuongeza nguvu za injini, msaidizi alimkumbusha kwamba ruhusa ya mnara haijapatikana. Mkuu akajibu kwamba anajua, akamwambia aiombe. Iliyokuja ilikuwa ruhusa ya njia ya kupita angani baada ya kuruka, wala haikuwa ruhusa ya kuruka. Msaidizi alipokuwa bado akiirudia kwa mnara, mkuu aliachia breki. Msaidizi alikuwa amekwishamrekebisha mara moja. Mara ya pili hakumrekebisha. Ndege ikiwa tayari inakimbia, mtu wa tatu katika chumba kile, mhandisi wa ndege, alisikia kwenye redio maneno yaliyomtia wasiwasi, akauliza ikiwa ile ya Pan Am bado haijatoka njiani. Rubani mkuu alijibu kwa mkazo kwamba imekwishatoka. Mhandisi akanyamaza. Sekunde chache baadaye ndege mbili ziligongana, na watu 583 wakafa. Katika ndege ya KLM hakunusurika aliyekuwamo hata mmoja. Hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi zaidi ya hiyo.

Tunaomba msomaji asipite haraka hapa. Mhandisi yule aliijua hatari na akaitaja, lakini aliitaja kwa sura ya swali, kama anavyofanya mtu mdogo mbele ya mkubwa, na kwa swali hilo alipata jibu la mtu mwenye yakini. Vyanzo vya ajali vilikuwa vingi: ukungu, redio zilizoingiliana, lugha isiyonyooka kati ya mnara na marubani. Hata hivyo, ndani ya chumba kile swali liliulizwa, nafasi ya kusimama ilikuwapo, na yakini ya mkubwa ikalifunga.

Sasa tulitazame swali jingine. Wapokezi wa Sira wanasimulia kwamba kabla ya vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria, Mtume (SAW) alipiga kambi mahali fulani. Sahaba mmoja wa Kiansari, Hubab bin Mundhir (RA), alimwendea akamuuliza: je, mahali hapa ni Mwenyezi Mungu (SW) aliyekuamuru upashike, ikiwa hatuna ruhusa ya kusogea mbele wala kurudi nyuma, au ni rai na mbinu za vita? Alipoambiwa kuwa ni rai, alisema kwamba basi hapa si mahali pazuri, akashauri jeshi lisogee hadi kwenye kisima kilicho karibu zaidi na adui, visima vingine vifukiwe, ili Waislamu wawe na maji na maadui wasiwe nayo. Mtume (SAW) aliikubali rai ile, na jeshi likahama.

Hubab naye aliuliza swali. Wala hakukosa adabu, kwani alianza kwa kutenganisha kile kisichojadiliwa na kile kinachojadiliwa. Alikuwa akizungumza na mtu anayeteremshiwa Wahyi, ambaye kwa cheo hakuna meneja wala mkurugenzi wa kufananishwa naye. Tofauti kati ya Badri na Los Rodeos haikuwa katika ushujaa wa muulizaji peke yake, maana mhandisi pia aliuliza. Tofauti kubwa ilikuwa upande wa aliyeulizwa. Hubab alijua kwamba swali lake lingepata sikio, kwa kuwa alikuwa amewaona wengine wakiuliza kabla yake na hawakudhalilishwa. Ujasiri wa mdogo huwa umejengwa na mkubwa kwa muda mrefu kabla ya siku ya haja.

Ulimwengu wa usafiri wa anga ulilifahamu hilo kwa kuchelewa, lakini ulilifahamu. Mwaka 1979 shirika la anga za juu la Marekani, NASA, liliitisha warsha kuhusu ajali zinazotokana na namna marubani wanavyohusiana, na kuanzia miaka ya 1980 mashirika ya ndege yakaanza kuwafundisha marubani wakuu kusikiliza na wasaidizi kusema wazi. Msaidizi hufundishwa asiishie kwenye kudokeza: ataje anachokiona, aseme anachokihofia, apendekeze la kufanya, na asipojibiwa arudie. Ni mafunzo ya lazima, kama kujifunza kutua. Twajiuliza ni ofisi ngapi zetu, ni hospitali ngapi na ni kamati ngapi zinazomfundisha mtu mdogo namna ya kumwambia mkubwa kwamba hapa tunakosea.

Lakini tusidhani kwamba dawa ya kiongozi mkali ni kumtafuta mpole, basi. Jambo la tabia lina undani kuliko hivyo. Sayyidna Abu Bakr (RA) alimtegemea Khalid bin Walid (RA) katika uongozi wa majeshi, pamoja na ukali wake. Sayyidna Umar (RA) aliposhika ukhalifa mwaka wa 13 Hijria, alimwondoa Khalid katika uamiri wa Sham na kumweka Abu Ubayda (RA). Katika sababu zinazotajwa na wanahistoria ni kwamba watu walikuwa wameanza kuvutwa na Khalid mno, wakidhani ushindi unatoka mikononi mwake. Sheikh Ibn Taymiyya, aliyefariki Damascus mwaka 728 Hijria, aliongeza jambo ambalo twaona lingepaswa kusomwa na kila anayeajiri watu. Alieleza kwamba Abu Bakr alikuwa laini, hivyo ilimfaa msaidizi mkali kama Khalid. Na Umar alikuwa mkali, hivyo ilimfaa msaidizi laini kama Abu Ubayda, ili mambo yapate mizani.

Ni wakuu wangapi wa kazi wanaofanya hivyo? Desturi tunayoiona ni ya mkubwa kujizungushia watu wa sura yake mwenyewe. Mkali hupandisha vyeo wakali na kuwaita wachapakazi. Mpole hupandisha wapole na kuwaita wastaarabu. Katika usaili hali ni ile ile: mwombaji anayetazama machoni na kujibu bila kufikiri huandikiwa kwamba anajiamini, na yule anayekaa kimya sekunde tatu kabla ya kujibu huandikiwa kwamba ana wasiwasi. Huenda yule wa pili ndiye aliyelielewa swali.

Na Khalid? Alipokea barua ya kuondolewa, akaendelea kupigana chini ya amri ya Abu Ubayda. Mtu aliyezoea kuamuru akakubali kuamriwa. Tumewahi kuona watu wakiacha kazi, wakihama msikiti na hata kugombanisha mitaa kwa ajili ya kuondolewa katika uweka hazina. Kujiamini kwa Khalid hakukuwa kumefungwa kwenye cheo, na pengine hicho ndicho kipimo kizuri zaidi cha kujiamini kwa kweli kuliko sauti.

Haya yote, wazazi wenzetu, huanzia nyumbani. Kijana wa kalamu hakujifunza kunyamaza ukubwani. Tunawalea watoto wetu wasijibizane na wakubwa, na malezi hayo ni mazuri; hatuko miongoni mwa wanaodhani kwamba ukosefu wa adabu ni ukombozi. Lakini kuna mstari mwembamba kati ya kumfundisha mtoto namna ya kusema na kumfundisha kwamba asiseme. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (SAW) aliwauliza Masahaba kuhusu mti ambao majani yake hayapukutiki na ambao ni mfano wa Muislamu. Watu wakawaza miti ya jangwani. Abdullah, mtoto wa Umar, alikuwa mdogo wao hapo, na ilimjia moyoni kwamba ni mtende, lakini aliona haya kusema huku Abu Bakr na baba yake wamenyamaza. Baadaye Mtume (SAW) akataja kuwa ni mtende. Njiani Abdullah alimweleza baba yake kilichokuwa moyoni mwake. Sayyidna Umar hakumsifu kwa kunyamaza mbele ya wakubwa. Alimwambia kwamba lau angelisema, lingempendeza kuliko mali kadha wa kadha.

Umar huyo huyo, alipokuwa Khalifa, alimketisha Abdullah bin Abbas, kijana mbichi, pamoja na wazee wa Badri katika baraza lake. Baadhi yao waliona uzito, wakasema nao wana watoto wa umri ule. Umar aliwauliza wazee kuhusu maana ya Suratun Nasr, kisha akamuuliza kijana mbele yao, na jibu la kijana likaonyesha kwa nini ameketishwa pale. Hakuwahutubia wazee kuhusu umuhimu wa vijana. Aliuliza swali, akaacha jibu lifanye kazi.

Wala si watoto tu. Katika mkataba wa Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, Masahaba walipozubaa kwa huzuni wasiinuke kuchinja na kunyoa, Mtume (SAW) aliingia kwa mkewe Ummu Salama (RA) akamweleza hali ilivyo. Yeye ndiye aliyeshauri kwamba atoke, asimsemeshe mtu yeyote, achinje mnyama wake na amwite wa kumnyoa. Alifanya hivyo, na watu wakainuka wote. Ushauri ule uliokoa siku, na ulitoka ndani ya hema, kwa mtu ambaye hakuwa katika majadiliano. Ni wanaume wangapi kati yetu, baada ya siku nzito kazini, humweleza mke jambo lilivyo na kungoja jawabu, badala ya kumpa taarifa ya uamuzi uliokwishapita?

Kuhusu kiwanja, shauri bado liko kwenye Baraza la Ardhi. Wale dada wawili hawana nia mbaya. Wanataka haki yao ya mirathi, na Sheria imewapa. Mwenyekiti alitaka kujiuzulu, akazuiwa. Katika kikao kilichofuata alifanya jambo ambalo hatukulitarajia. Kabla ya kusema neno lolote kuhusu ajenda, aliweka miwani mezani, akamgeukia kijana wa muhtasari akasema, "Leo utaanza wewe, mwanangu. Mimi nitasema mwisho." Kijana alikohoa mara mbili. Kisha akafungua daftari, akaanza kusoma, kwa sauti ndogo ambayo ilitulazimu sote kusogeza viti.